Tumelaza Maji ya Madame

Jumanne, Novemba. Asubuhi hapa mtaani Schaerbeek, huku ughaibuni, vioo vya magari vilikuwa vimeshika barafu, na jua lililotoka lilikuwa la kutazama tu, halina moto.

Sijui kama nitaweza kuandika yote. Naandika kwa sababu machozi yamekatika kidogo.

Bon. Nianze na kazi. Kazi ndiyo rahisi.

Kila mwaka kabla ya baridi kali nafunga bwawa la kuogelea la Madame, kule Uccle, upande mwingine wa jiji. Ni bwawa la zamani, la zege lililopigwa lipu nyeupe. Mimi ni mfanyakazi wake wa nyumbani, si fundi. Aliyekuwa akilifunga ni mumewe, marehemu Monsieur, mimi nikimshikia vifaa, na alipokufa Madame alikataa katakata mtu mgeni kuligusa. Basi ikawa mimi. Mimi mtoto wa Kadutu, Bukavu, nisiyejua hata kuogelea!

Mama yangu alicheka sana nilipomweleza. Yeye kule anachota maji kwa bidoni, bomba likikauka wiki nzima, na binti yake huku anafunika maji ya mtu mmoja yasipigwe na baridi. "Kumbe bazungu banalaza maji?" aliniuliza. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yake kila Novemba: maji umesha yalaza? Na Aprili nikifungua, namtumia video ya maji yaliyoamka, naye anapita nayo kwa majirani wote.

Mwaka huu hakuuliza. Presha ilimpeleka hospitali wiki iliyopita, na kaka yangu Patrice alikuwa ananipigia kila jioni. Jana hakupiga. Kundi letu la familia kwenye WhatsApp, ambalo kila asubuhi hujaa maua yanayometameta na baraka za siku, lilikuwa kimya kabisa. Watu wa kwetu wanajua maana ya kimya hicho. Wamefungua kundi lingine, na wewe hawakukuweka ndani.

Nilijua. Naandika hapa wazi: nilijua tangu jana. Nikapanda tramu nikaenda kazini.

Nilikuwa nimeshasugua kuta, nimepima dawa ya maji, maana maji makali yanakula lipu polepole, na nimeyashusha mpaka chini ya midomo ya mabomba. Nilikuwa nimepiga magoti, napuliza mabomba kwa mashine ili lisibaki tone la kuganda na kuyapasua, niliposikia geti. Nikageuka. Watu watatu wenye makoti meusi wanakuja wakikanyaga majani: Tonton Deo, mdogo wa mama yangu, tumbo moja, Maman Régine, tunayeimba naye kwaya, na Pasta.

Pasta, siku ya Jumanne, Uccle.

Kwetu habari ya namna ile haitupwi kwenye simu. Haiambiwi mtu akiwa peke yake, wala akiwa amesimama, wala akiwa na njaa. Wanakuja wengi, wanakukalisha, wanahakikisha una kitu tumboni, ndipo mkubwa anasema. Mimi mwenyewe nimeshawafanyia wengine hivyo hivyo, na sahani yangu mkononi.

"Nsimire," Maman Régine akaniita, "umesha kula?" Alikuwa amebeba bitumbura, vile viandazi vyetu vya duara, kavifunika kwa taulo.

"Nilikula."

"Kuja basi ukae kidogo, ma chérie."

"Nikikaa, nani atafunga? Barafu haingojake muntu. Tonton, unishikie huu mpira wa mashine."

Tonton akashika. Akaangalia maji, akauliza, "Lakini si mumwange tu maji yote, iishe?"

Nikamweleza taratibu, nikivuta muda. Bwawa la lipu haliachwi tupu. Ukilikausha, baridi inaipasua lipu, na maji ya chini ya ardhi yanaweza kulisukuma bwawa lote juu. Maji yaliyomo ndiyo yanalishikilia.

"Ah, njo vile," akasema. Akauliza lingine. Na lingine tena: hii ni ya nini, ile inaingia wapi, kama vile kesho anaanza kazi. Nilidhani ananihurumia tu.

Kila mtu nilimpa kazi. Pasta alikaza vizibo kwenye midomo ya mabomba, nikamwambia hajakaza vizuri, akarudia. Maman Régine alifunga kamba kwenye maboya, yale yanayoachwa majini ili barafu ikitanuka iyabane yenyewe, isibane kuta. Mimi nikamimina dawa ya kuzuia kuganda ndani ya mabomba. Hakuna aliyethubutu kunikatiza. Kama wangeniachia, leo ningefunga mabwawa yote ya Uccle.

Maana kabla hawajasema, mama yangu alikuwa bado yuko hospitali. Alikuwa na presha tu.

Hatari ilitokea kwa Madame. Alitoka kuangalia hawa ni wageni gani, akamuuliza Pasta kwa Kifaransa kuna nini, na Pasta, mtu wa Mungu asiyejua kudanganya, akamnong'oneza. Nikamwona anaziba mdomo kwa mkono, anakuja moja kwa moja kwangu. Wazungu wanakuambia hapo hapo, umesimama, na mikono imelowa. Nikamtikisia kichwa: hapana, Madame, usiseme. Akasimama. Kisha, na ndara zake za ndani, akainama akashika pembe ya turubai la kufunikia bwawa.

Tukalivuta watu watano, tukayafunika maji yote. Kamba ya mwisho niliifunga, nikaifungua, nikaifunga tena.

Hapakuwa na kazi nyingine.

Nikakaa kwenye ngazi. Nikachukua kitumbura kimoja, kilikuwa kimeshapoa, nikakila chote bila chai. Nikasema, "Bon. Nimekula. Nimekaa. Tonton, sema."

Tonton alijifuta mikono kwenye koti, akajifuta tena. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka viwikoni, na hapo ndipo akili iliponirudia. Mama yangu ni dada yake. Ndiye aliyembeba mgongoni utotoni. Patrice alimpigia jana, akamwambia wewe ndiye mkubwa huko, umwambie mtoto. Na kwetu anayebeba habari halii mbele ya mwenye msiba kabla hajaifikisha. Na mimi, muda wote ule, nimemweka ashike mpira, avute turubai, asome mambo ya lipu! Maswali yake yote alikuwa anauliza ili asilie.

"Dada yangu..." akasema. Hakufika mbali.

"Lia, Tonton," nikamwambia. "Nimesha sikia."

Akalia mtu mzima yule, amepiga magoti kwenye majani, mpaka Madame akaleta blanketi akamfunika mabegani. Mimi nilichelewa kidogo. Halafu machozi yakaja.

Mazishi ni Alhamisi. Sitafika. Tangu vita vilipoingia Bukavu ndege haitui, na njia nyingine zote zinanichelewesha. Patrice ataelekeza simu kaburini, mimi niangalie. Nina hasira, nakuambia. Nina hasira na ndege, na Patrice, na kundi lao lile la pili. Sebule imejaa watu, wanaimba, jikoni wanapika, na mimi nimejifungia chumbani naandika.

Nafikiria tu Aprili. Nitafungua turubai, maji yataamka, video nimtumie nani? Tonton ana kale kasimu ka kubonyeza, hakapokei video.

Itabidi nimpandishe tramu, aje ayaone kwa macho yake.