Nilivyoshikwa na Kriketi Mtito Andei

Mama yangu wa Zombe, mimi na mtoto Mutua tunakusalimu.

Basi la Mombasa lilisimama Mtito Andei, nikaingia duka la Wahindi kununua maziwa, nikakaa kwa gunia la sukari. Wote walikuwa wamezunguka redio. India ilitaka mbio chache tu ishinde kriketi, lakini wachezaji walikuwa wakitolewa ovyo, akabaki wa mwisho. Tangu nikae, hakutolewa.

Basi likapiga honi. Nikainuka. Nyanya wa duka akashika leso yangu.

"Mama mtoto, kaa! Wewe toka, yeye pia atatoka!"

Hakuna aliyethubutu kusogeza hata mguu. Niliogopa, Mama. Akilini nilimwona baba Mutua stendi ya Mombasa, hajawahi kumshika mtoto wake, abiria wanaisha kushuka na sisi hatumo. Nikamwombea yule mchezaji kama ndugu yangu.

Basi likaanza kwenda. Ndipo redio ikalipuka: wameshinda! Duka zima likakimbia barabarani pekupeku, nyanya mbele, wakalizuia basi, nikapanda.

Kadi hii yenye picha ya ndovu alinipa yeye, ati ni zawadi ya kukaa kwangu. Sasa na wewe, Mama, usiinuke magotini mpaka usikie tumefika.

Binti yako