Siku Sita za Baba Uskoti

Takoma Park, Maryland
Jumamosi, 17 Aprili 1999
Asubuhi: manyunyu na baridi kidogo. Maua ya miti ya barabarani yameanguka yakanata kwenye vioo vya magari.

Mpendwa dada yangu Wairimu,

Kabla ya yote nakusalimu wewe, na kupitia kwako namsalimu Mama. Presha yake imeshuka? Bado anakwenda kanisani kwa miguu, au mumeo Ndirangu amefaulu kumpakia garini? Watoto nao, meno yameota yote? Mimi ni mzima wa mwili. Nimerudi saa mbili asubuhi kutoka kwa yule bibi mzee ninayemtunza usiku, nimeoga, nimekunywa chai, nimekaa mezani kabla usingizi haujanishinda. Euphrasia, yule Mtanzania ninayeishi naye, anawasalimu sana. Anasema Mama akumbushwe kwamba kile kiondo alichoahidiwa mwaka juzi bado anakisubiri, na kwamba yeye si mtu wa kusahau.

Barua yako ya Machi niliipata. Umeniomba niandike kuhusu siku zile sita za Baba Uskoti, Septemba 1997, ili isomwe katika ibada ya kumkumbuka, Jumapili ya tarehe 16 Mei. Umesema niandike kwa Kiswahili kwa sababu siku hizi kanisa letu hapo Nakuru lina watu wa kila kabila. Umesema pia kwamba kati yetu watoto mimi ndiye niliyepata bahati ya kukaa naye mbali na nyumbani, na kwa hiyo yaliyotokea huko ni mimi ninayeyajua.

Halafu chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, umeuliza jambo la pili. Umeuliza kwa nini Baba, mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili, aliporudi kutoka safari ile hakushiriki tena Meza ya Bwana hadi alipokufa. Umeniambia alikuwa akikaa benchi la nyuma, mkate ukipita anautazama tu, na Mchungaji alipomuuliza alijibu kwamba kuna shauri hajalimaliza. Na umeniambia Mzee Elkanah alivyosema mbele ya Mama kwamba mtu akienda ng'ambo na miaka sitini na minane, akarudi hawezi kugusa mkate, basi ameacha huko kitu kinachovaa sketi, na hakumaanisha wale wanaume wa huko wanaovaa sketi.

Nitaanza na siku sita. Hilo la pili nitalifikia.

Unajua kwamba mwaliko ulitoka kwa kanisa rafiki la huko mashambani, upande wa Perthshire, nao waliomba mzee mmoja tu. Baba alikuwa na haja moja: kuliona kaburi la Sista Agnes, aliyemfundisha kufunga vidonda katika hospitali ya misheni kule Nyeri mwaka 1949. Ndiye aliyemzoeza kuandika katika kitabu cha wodi tarehe, hali ya hewa ya asubuhi, na saa ya kuzima taa. Baba akatufundisha na sisi. Ninyi mliacha, mimi nikashika.

Pamoja na mwaliko kulikuja kijitabu kinachoeleza mahali pa kutembelea mashambani bila kiingilio, na kila ukurasa una ramani ndogo na maelezo ya pa kuegesha gari, choo kilipo, na kama njia inafaa kwa wazee. Nilimwomba mwenyeji wake, Mama Isobel, anitumie nakala. Kwa barua tukachagua, mimi na Baba, mahali sita pa siku sita. Haya nayatoa katika daftari langu.

Jumatatu tarehe 15, kule upepo na jua la vipindi. Duara la mawe marefu katikati ya malisho ya kondoo, na geti limefungwa kwa kamba. Baba alimuuliza Mama Isobel wamjulishe nani kwamba wamefika, naye akajibu kwamba labda kondoo. Hata hivyo Baba alizunguka na kofia mkononi akimtafuta mlinzi, kwa sababu kwetu hata maporomoko ya maji yana kijana mwenye kitabu cha risiti. Mwishowe akakubali. Alisema mawe yamesimama maelfu ya miaka na hakuna aliyekuja kuyauliza makaratasi, wala yenyewe hayajamuuliza mtu.

Jumanne, kule mvua tangu alfajiri. Kinu cha zamani kilichogeuzwa makumbusho ya vyombo vya shamba. Baba aliona mkebe wa maziwa umewekwa nyuma ya kamba kama kitu cha kale, akamwambia mzee wa zamu kwamba kwake Nakuru mkebe wa aina hiyo bado uko kazini kila asubuhi, na kama wameuchoka yeye yuko tayari kuuchukua. Alitia sahihi katika kitabu cha wageni.

Jumatano, kule mawingu bila mvua. Maporomoko ambapo samaki wakubwa hutoka baharini wakapanda mto kwenda kuzaa walikozaliwa. Baba alisimama kwenye kizuizi saa mbili nzima, akihesabu. Waliruka thelathini na mmoja, wakapita wanne. Chai ya chupa ilipoa. Aliilalamikia hata hivyo, kwamba watu wema namna ile wanawezaje kutia maziwa mwishoni, kikombeni, kama dawa. Kuhusu samaki alisema neno moja tu, kwamba yule mnyama anakwenda kwao na maji yote yanamkataa.

Alhamisi, kule jua. Njia ya msituni, kilomita tatu, mabenchi manne. Alikaa kwenye kila benchi, upande mmoja, akaacha nafasi.

Ijumaa, kule ukungu. Magofu ya kanisa na makaburi yake. Hapo hakucheka kwamba hakuna kiingilio. Jiwe la Sista Agnes lilikuwa limeota kuvu. Alitoa leso, akaomba maji ya chupa, akalisafisha kutoka katikati kwenda nje, taratibu, kama alivyofundishwa kusafisha kidonda. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima, na Mama Isobel alikaa garini asimkatize.

Jumamosi, kule baridi na anga safi. Kibanda cha mbao kando ya ziwa cha kutazamia ndege. Mabata bukini wa mwitu walikuwa wakifika kutoka kaskazini, makundi kwa makundi. Baba alisema kelele zao ni kama mkutano wa harambee.

Wairimu, ukirudia kusoma utaona kwamba hakuna mahali nilipoandika "sisi". Utaona pia kwamba kila siku nimesema hali ya hewa ya kule. Katika daftari langu kila siku hiyo ina hali mbili za hewa, ya kule na ya huku. Huku kulikuwa na jua na joto siku zote sita. Mimi sikutoka Takoma Park. Sikwenda Uskoti. Tangu nilipoagana na Baba uwanja wa ndege mwaka 1994, sikumwona tena.

Kibali changu cha kukaa nchi hii kiliisha Machi 1996. Nikivuka mpaka siruhusiwi kurudi. Hamkujua, kwa sababu niliandika kila mara kwamba mambo ni mazuri. Nilimwambia Baba tikiti ninayo, nikidhani wakili angenifungulia njia, na wiki zikapita. Jumapili tarehe 14, saa ambayo Baba alinitazamia nishuke kwenye ndege, nilipiga simu nyumbani kwa Mama Isobel, nikamwambia Baba yote.

Kwa vile nina jina la mama yake, aliniita Mama kama alivyoniita siku zote, akaniuliza kama huku kunanyesha. Nikasema kuna jua. Akasema niandike. Akaniagiza nimpigie kila siku itakapofika saa mbili ya jioni yake, ambayo kwangu ni saa tisa mchana, nikiwa na kijitabu mbele yangu kimefunguliwa ukurasa wa siku hiyo, naye atanitembeza. Ndivyo alivyonitembeza siku zote sita. Aliniambia kwenye benchi nikae wapi. Samaki alinihesabia mmoja mmoja.

Kama ningekomea hapo, barua hii ingekuwa nyepesi. Lakini nilimwomba asiseme. Mama alikuwa ameshatangaza kwa akina mama wa kanisa kwamba binti yake anakutana na baba yake Ulaya, nami niliona aibu, na niliogopa neno langu lisije likazunguka. Nikamsihi aseme nilikuwepo. Alikataa. Nikamsihi tena Jumatano, akakataa. Jumamosi nililia kwenye simu mpaka akakubali.

Mnakumbuka alivyosimama mbele ya kanisa akasema Waringa anawasalimu, tulikuwa pamoja. Huo ndio uongo pekee ninaoujua wa Baba, nao ni wangu. Novemba aliniandikia kwamba ahadi aliyonipa hataivunja, na mkate wa Bwana hawezi kuula na neno lile kinywani, basi atangoja mpaka niseme mwenyewe. Alisema nisiharakishwe, Meza haiendi popote.

Niliisoma, nikaiweka ndani ya kijitabu. Nikasema baada ya Krismasi. Nikasema baada ya Pasaka. Tarehe 9 Mei ukanipigia simu.

Nilikwambia siwezi kuja mazikoni kwa sababu bibi ninayemtunza yuko hali mbaya. Hakuwa na hali mbaya. Alikuwa anakula uji na kutazama televisheni. Uliniandikia baadaye kwamba wewe ulinikasirikia, lakini Mama alinitetea mbele ya ukoo mzima akisema Waringa alishamuaga baba yake Uskoti. Uliandika hayo kunifariji.

Juzi nilimwonyesha Euphrasia barua ya Baba. Unajua yeye hapendi kulainisha maneno. Aliisoma mara mbili, akaniambia kwamba mzee alikaa mezani akinisubiri mimi, nami nikamwacha na njaa. Kisha akaenda jikoni akanipikia chai, ile ya kuchemsha na maziwa, akaiweka mbele yangu.

Sasa nakuomba. Barua hii msomee Mama kwanza, mkiwa wawili tu, na umshike mkono. Tarehe 16 Mei isomwe kanisani yote, hata sehemu ya makaratasi. Maneno yakisafiri hadi huku, yasafiri. Mzee Elkanah apewe kiti cha mbele. Na Mchungaji aambiwe kwamba lile shauri ambalo Baba hakulimaliza halikuwa lake, na leo limemalizwa na aliyelianzisha, kwa kuchelewa mwaka mmoja. Ndani ya bahasha utakuta barua ya Baba ya Novemba, kwa mkono wake, ili pasiwe na wa kubisha. Kijitabu nabaki nacho. Kila ukurasa umeandikwa kwamba ni wazi mwaka mzima, na hakuna kiingilio.

Nisalimie Ndirangu na watoto. Msalimie Mama, kama atapokea. Asipopokea, usimlazimishe, niandikie tu kwamba hakupokea.

Ni mimi dada yako,
Waringa

Manyunyu yamekatika. Nimefunga bahasha nikaifungua tena ili niongeze mstari huu: nakwenda kulala, saa saba kasoro dakika kumi mchana.