Sita kwa Sita kwa Mtu Mmoja

Jumamosi jioni, Julai. Elerai, nyumbani kwa Mama.

Baridi ya leo ni ile ya kuvaa soksi ndani ya kandambili. Mlima haujaonekana tangu asubuhi, mawingu yameukalia. Mimi nimekaa kwenye ngazi za jikoni, laptop ya ofisi magotini, kwa sababu nikirudi ndani sasa hivi nitasema neno ambalo sitaweza kulirudisha.

Nina hasira. Acha niandike.

Leo tumemtoa Mama hospitali. Mwezi uliopita aliteleza kwenye zizi la ng'ombe akavunjika nyonga, wakamfanyia upasuaji. Daktari alituita sote watatu, mimi, kaka yangu Elibariki na mke wake Mama Glory, akatuambia jambo lile lile mara tatu: asipande, asichuchumae, kitanda chake kiwe na urefu wa kiti. Wote tuliitikia kwa vichwa. Mimi nilidhani tumeelewa kitu kimoja.

Tumefika nyumbani Mama anakokota fremu yake ya kutembelea, hatua moja, anapumua, hatua nyingine. Mama Glory akatangulia, akafungua mlango wa chumba cha Mama na kusimama pembeni.

"Sapraizi!"

Mle ndani kulikuwa na kitanda cha sita kwa sita. Ubao wa kichwani umevalishwa ngozi bandia rangi ya maziwa, una vifungo vinavyong'aa, na ni mrefu hadi umeziba dirisha zima. Juu ya kitanda kuna godoro nene, juu ya godoro kuna shuka za satini, juu ya shuka kuna mito saba ambayo hairuhusiwi kulaliwa. Kabati ni la seti hiyo hiyo, milango yake yote vioo, mwili wake ni ule unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukimwagikiwa maji unavimba kama andazi. Mapazia yamekunjwa mikunjo mitatu mitatu. Sakafuni kuna zulia la manyoya, yaani mtego wa pili wa mtu mwenye fremu.

Mama alitazama. Akasema, "Asanteni, wanangu." Akageuka, akajaribu kukalia ukingo.

Hakuufikia. Alisimamia vidole, akajivuta, satini ikamtelezesha, na kama Elibariki asingemdaka kwapani tungekuwa tunarudi hospitali muda huu. Nilisikia mlio alioutoa. Bado nausikia.

Hapo ndipo nilipofoka. Sikumbuki yote niliyosema, ila mtaa umesikia. Niliuliza kitanda cha Mama kiko wapi, kile cha mbao ya loliondo. Kaka akaangalia sakafu. Kimechukuliwa, akasema, na watu wa loji moja ya Usa River. Siku hizi wanatafuta vitu vya zamani, wanavikata na kuvifanya mabenchi ya wageni.

Kwa hiyo mtalii atakunywa kahawa yake akiwa ameegemea ubao wa kichwani wa mama yangu.

Tulimlaza Mama kwenye kitanda cha Glory, mjukuu wake, chumba cha watoto. Kitanda kidogo, kifupi, kimebandikwa stika za vipepeo. Alikaa bila taabu, magoti yakakunjika vizuri, miguu yote miwili chini. Urefu wa kiti, kama daktari alivyosema. Mimi nikaja huku nje kupoa, sikupoa.

Maana vitanda vya nyumba hii nimeviona vyote.

Kile cha loliondo Baba alikichongesha kabla sijazaliwa. Ile ni mbao ngumu, msumari unapinda kabla haujaingia. Kilikuwa na chaga nzito na godoro la pamba ambalo lilifumuliwa, likaanikwa na kushonwa upya kila pamba ikijikusanya mabonge. Nguo zilining'inia kwenye kamba nyuma ya shuka. Sanduku la bati lilikaa uvunguni. Hapakuwa na kingine, kwa sababu madukani hapakuwa na kingine. Urembo wote ulikuwa vitambaa alivyofuma Mama kwa mkono wake, hata sanduku lilikuwa na chake.

Halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa nje, na vitu vikaanza kumiminika kutoka Namanga na Dubai. Baba akaleta blanketi lenye picha ya chui, nami nikakataa kabisa kulala chumba kimoja na yule chui. Likaja godoro la sponji, likaachwa ndani ya nailoni yake mwaka mzima ili lisichafuke, mtu akijigeuza nyumba nzima inajua. Ikaja dresing tebo yenye vioo vitatu na maua ya plastiki yaliyooshwa kwa sabuni ya unga kila Krismasi. Elibariki alipooa, akanunua kitanda chenye redio na taa kwenye ubao wa kichwani. Watu walitoka Sakina kuja kukitazama. Ile redio iliongea wiki moja ikanyamaza, lakini vitufe vyake viliendelea kufutwa vumbi kwa heshima.

Tulicheka enzi hizo. Nisingeandika chochote kama Elibariki na mkewe wangeendelea kuvileta chumbani kwao.

Nilikuwa nimefika hapo kuandika Elibariki akatoka, akanikuta hapa kwenye ngazi; sasa nimerudi, naendelea. Akasema Mama ananiita. Nikaingia nimejiandaa kumwambia kwamba Jumatatu naenda Usa River, kitanda chake nitakirudisha hata kwa kukibeba kichwani.

"Usinililie kile kitanda," Mama akasema kabla sijakaa. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Nikashangaa. Loliondo ile haikuwahi kuwa na kunguni.

Akaniambia. Kile kitanda kilikuwa kizito mno kusogezwa, kwa hiyo pale Baba alipokiweka ndipo kilipokaa, kimebanwa ukutani. Baba akachukua upande wa nje, kama wanaume wa wakati wake, na Mama akapewa upande wa ukutani. Mtoto akilia, alimruka Baba. Ng'ombe akizaa, alimruka Baba. Na Baba alikuwa hapendi kuamshwa, kwa hiyo Mama alijifunza kumruka bila kumgusa, hata akiwa na mimba yangu. Miaka yote ya ndoa yake alishuka kitandani kwake kwa kunyata.

"Hata alipofariki?" nikamuuliza.

"Hata alipofariki. Nilijaribu kulala upande wake, usingizi ukakataa. Mwili ulishauzoea ukuta."

Nimekuja hapa kupigania kitanda kwa niaba yake, nimewafokea watu, na sikuwahi kumuuliza alikilalaje. Baba alichagua kwa fahari yake. Blanketi la chui na vioo vitatu vilichaguliwa na Baba vile vile. Mama Glory amechagua kwa fahari yake. Na mimi nilikuwa njiani kwenda Usa River kuchagua kwa kumbukumbu zangu. Mtu mzima, mwenye akili zake, amelala maisha yake yote kwenye vitanda vya uamuzi wa wengine, na bado kila mmoja wetu anajiona ndiye anayempenda zaidi.

Nikamuuliza anataka kitanda gani.

Hakufikiri hata kidogo. Jibu lilikuwa tayari, sijui kwa miaka mingapi.

"Cha tatu na nusu. Kiwekwe katikati ya chumba, nishukie upande ninaoutaka. Na lile dirisha mliloliziba mnifungulie, nataka kuona geti. Mtu akiingia nimwone mimi kwanza."

Elibariki, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. Akasema tatu na nusu ni kitanda cha bweni, si cha mama mwenye watoto wanaojiweza.

"Na hiyo sita kwa sita," Mama akamwuliza, "nilale na nani, Elibariki?"

Kaka yangu akaenda sebuleni, nami nikaenda jikoni.

Mama Glory ndiye aliyenifuata hadi jikoni. Macho mekundu. "Wifi, kesho baada ya ibada jumuiya yote inakuja kumpa pole. Wamkute mama mkwe wangu kwenye kitanda cha mtoto, na vipepeo? Watasema namnyanyasa. Wewe unarudi kwako Sakina, mimi ndiye nitakayesemwa."

Nitaandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa linaniuma: watasema. Nawajua. Huku kwetu mwanamke akiumwa, wageni huingia hadi chumbani, na pole huwa na macho. Wanapima unene wa godoro huku wanaomba. Wakitoka getini wameshajua shuka ni mpya au ya kuazima, na ukosefu wote huandikiwa mke wa mtoto wa kiume. Mama Glory hakununua kile kitanda kwa ubaya. Aliogopa. Lakini hofu yake nusura ivunje nyonga ya pili ya mama yangu, na hilo siwezi kulifumbia macho.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Hapa mwenyeji anavunjika ili mgeni apate cha kuangalia.

Nimemwambia atakayesemwa kesho nitakuwa mimi. Nitawaambia ni mimi niliyemlaza pale. Akavuta kamasi, akaanza kuosha vikombe. Naona ameshatoa zulia la manyoya nje, analikung'uta. Sijamwomba. Pengine kichwa chake pia kinafanya kazi.

Jumatatu nitamwita fundi wa kule Sakina aje hapa hapa na futi yake. Atampima Mama akiwa amekaa, goti hadi sakafuni, na kila swali atamwuliza Mama, mbao gani, rangi gani, ubao wa kichwani uwepo au usiwepo. Mimi na Elibariki tutakaa sebuleni na midomo yetu tumeifunga. Sijui kama tutaweza.

Giza linaanza kuingia na baridi imefika mifupani. Kupitia dirisha la chumba cha watoto namwona Mama. Amekaa upande wa nje wa kitanda, anakunywa mtori, anatazama geti.

Kesho nitafungua mlango mimi mwenyewe. Nitawaingiza akina mama wa jumuiya kwa Mama, kwenye vipepeo, wamwombee. Wakimaliza nitawapeleka chumba cha pili, wakae, wajinyooshe, waikague satini. Nafasi inawatosha wote, na kile kitanda ni chao.