Salamu ya Nafula pale Chemchemini

Kitale, Jumatatu, Agosti 2006. Ukungu umeshuka kutoka Elgon na haujaondoka, ingawa ni saa nne sasa. Tangu nirudi kutoka nyumbani Matulo natembea kama mtu aliye usingizini. Nimeacha cherehani yangu nikaja hapa saiba, kwenye kompyuta za kukodi, niandike kabla sijaamka.

Juzi mdogo wangu Nafula alipewa nishani ya skauti hapa Kitale.

Naiandika sentensi hiyo, kisha naisoma tena. Ana miaka kumi na saba. Ndiye kiongozi wa skauti wa shule yao, na mwaka huu Jumamosi zake zote zimeishia kwenye chemchemi iliyo chini ya shamba letu. Zamani tulizama matopeni hadi magotini ndipo tuchote maji, tukisukumana na ng'ombe. Yeye na wenzake wamebeba mawe, wamejenga ukuta, wametia bomba na kupanda miti. Sasa akina mama wanakinga maji safi wakiwa wamesimama, wanapiga gumzo.

Baba alinuna mwaka mzima. Jumamosi ni ya kupalilia mahindi, na kwake skauti ni watoto wa shule wanaocheza na kamba. Nafula hakuthubutu kumwomba aje Kitale. Nilipokuwa nikimpigia pasi skafu aliniambia tu kwamba akimwona Baba pale, hata nishani wakimnyima ni sawa.

Na Baba akaja! Alivaa lile koti lake la harusini, akakaa mbele kabisa.

Mzee mmoja mkubwa wa skauti, mwenye kaptura na soksi ndefu, alimwita mzazi wa Nafula mbele, akamnyooshea mkono wa kushoto. Skauti husalimiana hivyo. Lakini kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu hata chumvi, na Baba ndiye aliyetuchapa vidole kila tulipojisahau. Aliutazama ule mkono, akaona ametukanwa mbele ya watu.

"Rakini bwana, mimi nimekukosea wapi?" aliuliza, na kipaza sauti kikaidaka sauti yake.

Watu walicheka. Nafula akamnong'oneza kwamba si matusi, ni salamu yao, kwa kuwa upande huo ndio wenye moyo. Baba alitia mikono yote miwili mifukoni, akarudi kukaa.

Nafula alivishwa nishani akiangalia chini. Nilimchukia Baba kidogo, Mungu anisamehe.

Tulifika nyumbani jioni. Nafula hakuingia ndani. Alishuka chemchemini na sare zake, Baba akamfuata, nami kwa hofu nikamfuata Baba hadi ukingoni mwa mahindi. Ilikuwa ile saa ambayo majani yote yanakuwa buluu na hujui kama ni mchana au ni ndoto. Kila kitu kilinyamaza isipokuwa bomba.

Baba alisimama akiyasikiliza maji. Kisha akaanza kuupapasa ukuta, jiwe moja moja, kama anavyompapasa ng'ombe anayetaka kumnunua. Akauliza ni nani aliyelibeba lile kubwa la chini.

"Ni mimi na Wanjala wa skauti, Baba. Tulilivingirisha toka kule juu."

Alikinga maji, akanywa. Akanywa tena. Akanawa mikono, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, huo akauchelewesha chini ya bomba. Akajipangusa kwenye koti la harusini, Mama angeona angepiga kelele.

"Haya," alisema. "Reta hiyo ya kushoto."

Nafula alimpa. Baba hakujua aushike vipi, akaushika tu, hakuuachilia mpaka giza likaingia. Nililia palepale kwenye mahindi, na sikutaka wajue kwamba nipo.

Kesho nitashona. Leo bado nasikia yale maji.