Mvua siku ya kuchagua prezida

Bukavu, siku ya Mungu, mwezi wa kumi 1957

Na tena mimi mwenyewe nilitaka kupumzika! Miaka yote hii niko prezida wa chama chetu cha kuzikana, sisi watu wa Nyangezi tunaoishi Kadutu. Magoti yamechoka kupanda vilima nyuma ya jeneza. Lakini kusema "nimechoka" mbele ya watu, haya ilinishika.

Leo karani Fidele, kijana wa miwani na kravati, akatuletea desturi mupya. Zamani tulizungumza mpaka wote wakubaliane. "Sasa tunachagua, Papa. Anayekutaka weye asimame barazani. Anayenitaka mimi asimame uwanjani."

Karibu wote wakaenda uwanjani. Hata muke wangu! Nilimuangalia, akaangalia viatu vyake. Iliniuma kidogo, siwezi kudanganya.

Kisha mvua ikashuka, ile ya Bukavu isiyoomba ruhusa. Wote wakakimbilia kwangu barazani, wanasukumana. Uwanjani akabaki Fidele peke yake, kravati inachuruzika maji.

"Ingia, mutoto!"

"Hapana, Papa! Nikiingia nimekuchagua weye!"

Tulicheka mpaka maman mumoja akakaa chini. Lakini nikawaza: huyu hatakosa mazishi sababu ya mvua. Mimi siku hizi ikinyesha nabakia nyumbani.

Nikashuka, nikasimama karibu naye.

"Papa, unafanya nini?"

"Nachagua."

Sasa napiga chafya, na muke wangu ananitukana. Haizuru. Mutu akifa usiku huu, nageukia ukuta nalala. Wataamusha prezida.