Kilele cha Shangazi

Nyanya mpendwa,

Shikamoo. Kwanza kabisa, moyo wa Shangazi hauna neno. Nimeagizwa nianze na hilo.

Hapa chuoni Kyambogo tunajifunza kutambua vitu vyenye mnururisho. Mashine hupokea miale ya gama inayotoka kwenye vitu hivyo na kuchora grafu, na kila kitu huwa na kilele mahali pake. Kabla ya kupima jiwe lolote, tunapima kwanza chumba kitupu. Juzi Shangazi aliniletea chapati, akaketi kunisubiri, na kwenye grafu ya chumba kitupu kikaota kilele kirefu. Nilidhani nimeharibu mashine. Alipotoka kunawa mikono, kiliacha kukua; aliporudi, kikaendelea. Kitabu kikasema ni teknetiamu, dawa yenye mnururisho wanayodungwa wagonjwa kabla ya kupigwa picha hospitalini.

Unajua ninavyoona haya, lakini alipoondoka nilimfuata nje. "Shangazi, leo ulienda hospitali?"

Alicheka kidogo. "Nimewaficha ukoo mzima, nikasemwa na mashine. Ni moyo, ulikuwa unanienda mbio. Wamepiga picha, daktari anasema niko sawa. Mwandikie mama. Lakini anza na hilo, la sivyo atapanda basi leo leo."

Leo amekuja tena na chapati. Nilipima chumba kitupu naye akiwa ndani, kilele kikatoka kifupi sana; dawa imekaribia kumwisha mwilini. Sijawahi kufurahia grafu hivyo.

Chapati zake hazijafikia zako. Nakukumbuka kila nikila.

Mjukuu wako,
Nekesa