Sindano ya Goti

Kasulu, 2014

Dada yangu Mwanahamisi,

Assalaam aleykum. Presha ya mama imetulia? Na kifua chako kimeacha kubana? Mimi sasa naweza kusema mzima, ingawa naandika mguu umenyooshwa juu ya stuli.

Nisamehe, sikukwambia ukweli. Nilisema goti linauma kwa kukanyaga cherehani. Mwanzo ilikuwa hivyo. Lakini nilipopeleka sare za shule Kibondo likanizidia, nikaingia duka la dawa la mzee wanayemwita Dokta. Si daktari. Alitoa sindano kwenye kikombe cha maji machafu, akaifutia koti lake, akanichoma ndani ya goti. Nilimwona, dada, na nikanyamaza! Hadi leo najichukia.

Baada ya wiki chache goti likavimba kama papai. Huku Kasulu hospitalini nikapewa dawa za bakteria, vidonge kisha sindano, wapi! Wakashuku TB ya mifupa. Mwisho daktari mmoja, binti wa Makere, akavuta maji ya goti. Yalitoka mazito, kama maziwa yaliyoharibika. Nikatapika palepale. Akayatuma Mwanza yakapimwe. Majibu yaliporudi akaniuliza, "Kaka, nani alikuchoma hapa? Humu mna fangasi."

"Fangasi si wa vidoleni?"

"Sindano chafu ikiwaingiza, hata kwenye kiungo wanakaa. Dawa ulizotumia haziwaui."

Wakanipasua, wakaliosha goti, na vidonge vya fangasi nimemeza miezi kadhaa. Uvimbe umekwisha, ila halikunjiki vizuri. Nashona kwa mguu mmoja.

Juzi nilikwenda Kibondo kumkabili yule Dokta. Nikamkuta na mama mmoja kapandisha kitenge, goti nje. Mzee akanichekea. "Mama, muulize huyu! Nilimtibu mimi, ona anavyotembea!"

Nilihisi kinyaa. Nikapandisha suruali, nikamwonyesha yule mama kovu.

"Kazi yake ndiyo hii."

Akashusha kitenge. Nikamsindikiza hospitali, wote tunachechemea. Kisha nikapeleka malalamiko kwa mganga mkuu wa wilaya. Yamepokelewa. Jana nimesikia duka bado liko wazi, na watu wamekaa kwenye benchi wanangoja.

Nisalimie shemeji, na shangazi aliyenifundisha kushona. Mama mwambie goti limepoa. Habari ya kupasuliwa ibaki kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Athumani